Kobe Wawili na Beseni Moja

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, mzee mmoja alipomweka mtoto wa kobe kwenye kiganja chake cha kushoto na kusema neno moja: "Mwepesi."

Nawatajia na saa, wapendwa, kwa sababu wivu nao una saa yake ya kuzaliwa. Sisi huwa tunakutana nao ukiwa umeshaota ndevu, tukasema, "Mimi na fulani hatuivi chungu kimoja, ndivyo tulivyoumbwa." Si kweli. Ipo siku, ipo saa, lipo neno lililosemwa na wewe ukalimeza bila kulitafuna. Basi mke wa mwana wa mzee huyo alilimeza lake Jumatano hiyo, akiwa amesimama mlangoni na taulo la baba mkwe wake mkononi.

Mzee huyo alikuwa akiishi kwa mwanawe katika mji mmoja wa bara, mji ambao mvua zake zikishaondoka mwezi wa tano hazigeuki nyuma. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mwanawe alikuwa dereva wa malori, leo yuko mpakani, kesho yuko bandarini. Kwa hiyo nyumbani walibaki wanawake wawili: mke wa huyo mwana, mama wa watoto watatu waliokuwa wakisoma bweni; na binti wa mzee, ambaye ndoa yake ilivunjika bila mtoto, akarudi na sanduku moja na kupewa chumba cha uani. Wawili hao waliitana wifi, kama ilivyo desturi, na kutaniana kila kukicha, kama ilivyo desturi vilevile.

Uani palikuwa na kobe jike mkubwa, mkongwe, ambaye mzee alimfuga tangu hajaota mvi. Mwaka huo mvua zilipolainisha udongo kando ya ukuta, watoto wa kobe walianza kujitokeza ardhini, wadogo kama vitumbua. Kunguru waliwahi kuliko watu. Wakaokolewa wawili tu.

Mzee akawagawa. Mmoja akampa mke wa mwanawe, mwingine akampa binti yake. "Kila mtu na wake," alisema. "Jioni mniletee niwashike."

Na kila jioni waliletwa. Kwa kuwa hakuona vizuri, mzee aliwapima kwa viganja, wa mke wa mwanawe kushoto, wa binti yake kulia, akiinua na kushusha polepole kama mtu anayenunua nyanya. Ndiyo raha pekee iliyokuwa imembakia. Kwa majuma kadhaa hakusema kitu. Halafu ikafika hiyo Jumatano, akainua mkono wa kushoto, akasema, "Mwepesi," akainua wa kulia, akasema, "Huyu mzito." Kisha akaongeza, bila kujua anachofanya: "Binti yangu ana mkono wa kulea."

Mkono wa kulea! Mbele ya mama wa watoto watatu! Mbele ya mtu aliyefua shuka zake, aliyemkata kucha, aliyempozea chai hata ulimi wake usiungue! Yeye hajawahi kuambiwa ana mkono wa kitu chochote. Amekuja mwenye sanduku moja, kaambiwa ana mkono wa kulea.

Mnaona neno linavyoingia? Halibishi hodi.

Sasa, msidhani mama huyu hakumjali kobe wake. Alimjali sana. Alimkatia matembele laini. Alimtandikia kitambaa kikavu ndani ya sanduku la mbao, akakibadilisha kila siku. Na maji alimpa: alitoa kabatini bakuli la kioo lenye maua, lile la wageni, akalijaza maji yaliyochujwa, akaliweka katikati ya sanduku. Ukilitazama lilipendeza. Lakini ukingo wake ulikuwa juu ya kichwa cha kobe hata anyooshe shingo yote. Alilizunguka kama mtu anayezunguka nyumba iliyofungwa. Maji yakakaa humo, safi, yanametameta, na mama akiyaona alifurahi. "Wangu ana adabu," aliwaambia majirani. "Hata maji yake hachafui."

Wifi yake alikuwa na utaratibu mwingine. Kila asubuhi alikaa kwenye ngazi ya chumba chake na beseni dogo la plastiki. Alitia maji ya uvuguvugu, kidogo tu, yasipite pale ganda la juu linapokutana na ganda la chini, ili kichwa cha kobe kikae juu bila taabu. Akamweka humo, akakaa naye kama robo saa. Hakuondoka hata akiitwa. Baadaye alimkausha, akamrudisha chumbani, pembeni penye udongo wenye unyevu na kivuli, na karibu naye akaweka maji kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi, kitu cha kutupa jalalani, ila kobe aliweza kukipanda na kukishuka.

Mke aliyaona hayo kutoka dirisha la jikoni, huku vyombo vinamsubiri. Zamani angecheka tu. Baada ya ile Jumatano, kicheko kilikuwa na mwiba.

"Wifi!" alimpigia kelele asubuhi moja. "Huyo ni kobe au bwana harusi? Mbona unamwogesha kila siku?"

"Bwana harusi wangu wa kwanza alikuwa haogi, wifi," alijibu mwenzake. "Ndiyo maana huyu nimemuanza mapema."

"Na huku kaisha kujisaidia humo humo kwenye beseni lako. Hebu tazama! Wangu hajawahi kuchafua bakuli lake hata siku moja."

Wifi yake akaacha kucheka. "Hajawahi kabisa?"

"Hata tone."

"Na kitambaa chake je?"

"Kikavu. Cheupe."

"Wifi, hebu niletee nimwone."

"Umwone wa nini? Si una wako?"

Wapendwa, hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Mtu mwenye jibu amesimama hatua chache kutoka kwake, amenyoosha mkono, anasema niletee nimwone. Lakini nani kati yetu aliyewahi kupokea dawa kutoka kwa mtu anayemwonea kijicho? Tukipewa na yeye tunaona ni heri kuugua.

Mke alirudi jikoni akiwa na hakika kwamba wifi yake anatia kitu kwenye yale maji. Kwa nini akae nayo muda wote huo? Kwa nini asiondoke hata akiitwa? Siku wifi alipokwenda kununua mkaa, alikwenda kulinusa beseni. Lilinuka plastiki. Aliingiza kidole, akaonja. Maji. Akakasirika zaidi, maana kama ni maji tu, basi ana kitu gani yule asichokuwa nacho yeye?

Jioni zikawa ndefu. Kushoto, mwepesi. Kulia, mzito. Mzee hakuwa akisema tena, lakini mke aliona mkono wa kushoto unavyopanda juu haraka kuliko wa kulia, na kila ulipopanda, kitu kifuani mwake kilishuka. Kobe wake alikuwa ameanza kufumba macho mchana. Macho yenyewe yalikuwa yamezama. Je, aliyaona? Aliyaona. Lakini aliyatazama kama mtu anayetazama alama za mtihani, hakuyatazama kama mtu anayetazama macho.

Basi Ijumaa ya juma lililofuata, wifi alipokwenda mashineni kusaga mahindi, mke alivuka ua akiwa na kobe wake chini ya kanga. Akaingia chumba cha wifi. Akamwinua yule mwingine, na uzito wake ukamshtua: kumbe mzee hakuwa akimpendelea mtu. Akamweka wa kwake pale, akamchukua wa mwenzake, akatoka. Kobe wawili wa uzao mmoja, wa rangi moja, nani atajua?

Jioni ile viganja vilipima. Mkono wa kushoto ulikaa chini.

"Ahaa!" mzee alisema. "Leo wako mzito, mwanangu. Nilikudhania humjali. Nisamehe."

Alichokitamani akakipata, na juu yake akaombwa msamaha. Akatabasamu. Kisha akagundua kwamba anamtazama wifi yake, hamtazami mzee.

Wifi yake alikuwa amempokea kobe kutoka mkono wa kulia. Alimwinua hadi karibu na uso. Akambonyeza kidogo ngozi ya mguu, akamtazama macho.

"Baba," wifi alisema, "huyu leo hajanywa vya kutosha. Namrudisha kwenye maji."

Hivyo tu. Akaondoka, na muda si muda mke akasikia maji yanamiminwa kwenye beseni.

Siku zilizofuata alingoja kushtakiwa. Hakushtakiwa. Wifi alimsalimu kama kawaida, ingawa utani ulikuwa umepungua. Asubuhi aliketi na beseni lake, na sasa alikuwa akimweka yule kobe asubuhi na tena mchana. Na huyu mzito wa kuiba je? Mama alimpa kitambaa kikavu, matembele laini, na bakuli la kioo lenye maji safi yanayometameta.

Mnajua kilichotokea. Mngeweza kunisimulia nyinyi.

Mkono wa kushoto ukaanza kupanda tena. Kidogo kidogo. Mzee akakunja uso. "Mbona wako anapungua, mwanangu? Na huyu wa kulia anarudi." Mke akalijaza bakuli mpaka likafurika. Akaongeza matembele. Kobe alikaa pembeni ya sanduku, macho nusu, bakuli liko safi kama siku ya kwanza. Na sasa kwa mara ya kwanza usafi ule ulimtia hofu, kwa kuwa huyu alipokuja alikuwa anajua kuchafua.

Mtadhani hapo alikwenda kuuliza. Hapana. Wivu ukishaiba mara moja huwa na shauri moja tu: iba tena.

Mchana mmoja, wifi akiwa kwa jirani, mke alivuka ua kwa mara ya pili. Alikuwa amesimama katikati ya kile chumba, kobe mkono huu, kobe mkono huu, mlango ulipofunguliwa.

"Umekuja kumchukua tena?" wifi aliuliza.

Mke alitaka kusema alikuwa anawalinganisha. Mdomo ulifunguka, uongo haukutoka. "Kumchukua tena?"

"Wifi, mimi nimembeba wangu kila asubuhi tangu hajaweza hata kunyoosha shingo. Ulidhani sitamjua? Yule wako nilimshika pale kwa baba, alikuwa mwepesi kama ganda la karanga."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungefanya nini?"

Mke akawatazama kobe waliokuwa mikononi mwake.

"Ungekataa," wifi alisema. "Au ungeona haya ukambeba, ukamrudisha kwenye lile sanduku lako. Angekufa, wifi. Zilikuwa zimebaki siku za kuhesabu. Hakuwa na adabu yule, alikuwa na kiu. Alikuwa hachafui kwa sababu hana maji ya kutoa. Nilikuomba nimwone ukaninyima. Halafu Mungu akakuleta mwenyewe, ukamweka chumbani kwangu. Nikunyang'anye wizi wako ili akafe?"

"Na huyu wako? Ukamwacha kwangu akauke?"

Hapo sauti ya wifi ilibadilika. "Usinifanye malaika. Nilikukasirikia mpaka nikamwaga beseni zima ukutani. Huyu alikuwa na akiba mwilini, nikajiambia atavumilia kidogo, na wewe utakuja kuuliza. Kila asubuhi nilikaa pale kwenye ngazi unione. Ulikuwa unaniona! Leo nilikuwa nimeshakata tamaa, nilikuwa nakuja kumchukua hata kwa kupigana."

"Unatia nini kwenye maji?" mke aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hata sasa, wapendwa, hata sasa alikuwa bado anatafuta siri.

"Natia kobe," alisema wifi.

Wakatazamana. Ni kweli mmoja wao alikaribia kucheka, lakini haikuwa siku ya kucheka.

"Nilimuuliza bwana mifugo," wifi aliendelea. "Alinicheka kwanza. Halafu akaniambia, porini mtoto kama huyu hujificha chini ya majani yenye unyevu, hapa kwetu ni saruji na upepo. Mweke kwenye maji kidogo ya uvuguvugu, atakunywa atakavyo, atajisaidia, atapona. Ukimwekea maji marefu atazama, usimwache peke yake. Basi. Ningekwambia siku ileile."

Mke alikaa kwenye kitanda. "Baba alisema una mkono wa kulea."

"Baba!" Wifi alitikisa kichwa. "Baba mimi kanisifia kobe mmoja, mara moja. Wewe chakula chako anakisifia kila siku kwa kukimaliza. Mimi nikipika anabakiza. Hujawahi kuona?"

Hakuwa amewahi kuona. Angeonaje? Macho yake yote yalikuwa yamehamia upande wa pili wa ua.

Jioni ile alimwambia mzee ukweli, yeye mwenyewe, kabla viganja havijanyooshwa. Na msitegemee kwamba mzee alimkumbatia. Aliikunja mikono yake kifuani. "Umeniongopea kiganjani mwangu," alisema. "Mahali pekee ninapoona." Chakula kilipoletwa alisema, "Sili." Kikapoa mbele yake, kikaondolewa.

Sasa ngoja nije kwetu.

Tunapomwonea mtu wivu, tunaonea wivu nini? Tunaonea wivu uzito. Ndoa yake imetulia, nami niwe nayo. Watoto wake wana heshima, nami niwe nao. Akisali sauti yake inatoka mahali penye maji, nami nataka sauti ile. Lakini nani hapa ndani amewahi kuonea wivu beseni? Nani amemwonea jirani yake wivu kwa ile robo saa anayokaa kwenye ngazi, haondoki hata akiitwa, kila asubuhi, hata siku asizojisikia? Nani ametamani yale maji machafu, ule ugomvi unaozungumzwa mpaka ukaisha, yale machozi anayomwaga mbele za Mungu na kunuka aibu yake mwenyewe? Hatutamani hayo. Tunavuka ua, tunaiba kobe, beseni tunaliacha pale pale.

Halafu tunashangaa. Umepata cheo cha mwenzako, mbona kimekauka mkononi mwako? Umepata rafiki wa mwenzako, mbona amenyamaza? Kwa sababu ulimleta kwenye sanduku lilelile.

Na wewe unayejivunia kwamba huna matatizo na mtu, hujalia miaka, hujamkosea Mungu kwa neno wala kuungama kwa neno, maji yako ni safi, yanametameta. Nakuuliza kwa upendo, dada yangu: ni usafi huo, au hujanywa? Maji yapo. Neno lipo nyumbani kwako, limefunikwa kitambaa cha kufuma, linapendeza. Ukingo wake uko wapi? Unaufikia?

Na mimi nawaogopea wengi wetu kitu kimoja. Kwamba yupo mtu aliyetuambia, "Hebu niletee nimwone," tukamjibu, "Una wako." Bado yuko pale kwenye ngazi. Mwenzako hakai kwenye ngazi milele.

Yule mama, asubuhi iliyofuata, kabla jua halijapanda ukutani, alibisha mlango wa uani. Mkononi alikuwa na sufuria.

"Wifi, hodi. Nimechemsha maji."

Wifi alifungua, akaingiza ncha za vidole, akazitoa upesi. "Haya unataka kuwaogesha au kuwapika kwa nazi?"

Mke akachota ya baridi, akaongeza, akapima kwa kiwiko kama anavyopimiwa mtoto mchanga, akaongeza tena, mpaka mwenzake alipoitikia kwa kichwa. Akamimina kwenye beseni, kidogo tu. Akamweka kwanza yule aliyemwiba, kisha akamweka wa kwake. Alichukua nafasi kwenye ngazi. Kobe wa kwanza alisimama tuli, halafu akashusha kichwa, akaingiza mdomo majini, na koo lake likaanza kucheza.

Ndani mzee aliita. Aliita tena. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ile, hakuinuka. "Baba, nisubiri," aliitikia, "wanakunywa." Akabaki pale, mikono miwili kandokando ya beseni, mpaka wote wawili walipotosheka.